Lalamiko Lenye L Mbili

Nimekasirika kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, na chanzo cha hasira yangu ni herufi moja. Nyumbani kwangu, mtaa wa Skuta, wamechoka kuisikia habari hii. Mke wangu akiniona nimenyamaza mbele ya kikombe cha chai huniuliza, "Ni ile ya maziwa tena?" Mimi husema hapana, kisha naanza kuisimulia upya tangu mwanzo. Nimeamua kuiandika ili angalau yeye apumzike.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi mjini Nyeri. Siku za wiki nafundisha vijana. Jumamosi mchana nafundisha watu wazima: makarani, fundi wa stima mmoja, dada anayeuza dawa za mifugo, watu ambao kazini kwao kuna kompyuta na hakuna wa kuwaeleza. Ninawafundisha kuandika programu fupi fupi, zile ambazo mtu huandika ili mashine imfanyie kazi anayoirudia kila siku, kama kusoma faili ndefu na kutoa karatasi moja yenye maana. Lugha ninayotumia ni ya zamani kidogo na vijana huicheka, lakini imo tayari ndani ya kompyuta nyingi, na kwa kazi kama hizo haina mfano.

Nieleze jambo moja polepole, maana bila hilo hutaona kwa nini mtu mzima akasirikie herufi. Programu hutunza vitu ndani ya vyombo vyenye majina. Ukitaka kutunza joto la maziwa, unaunda chombo, unakiita joto, unatia namba ndani. Chombo hicho huitwa kigeu, kwa sababu kilichomo hubadilika. Vigeu vingi unaviunda mwenyewe. Vichache, hata hivyo, vinakuja na lugha, na lugha inavijaza yenyewe bila kuombwa. Fikiria msumari ulio nyuma ya mlango wa jikoni, ule ambao ufunguo wa stoo huning'inia. Hukuupigilia wewe na hukuutundika wewe, lakini ukinyoosha mkono asubuhi, ufunguo upo.

Hapo hakuna ugumu wowote. Ugumu ni kwamba waliounda lugha hii hawakuipa misumari hiyo majina. Waliipa alama. Kitu ambacho programu inakishughulikia sasa hivi kinaitwa `$_`, dola na mstari wa chini. Namba ya mstari unaosomwa ni `$.`, dola na nukta. Na jambo likishindikana, sababu ya kushindikana kwake hutiwa ndani ya `$!`, dola na alama ya mshangao. Ziko nyingine nyingi, na ukurasa wa programu uliojaa alama hizo unafanana na shamba lililopitiwa na kuku.

Siku niliyoandika `$!` ubaoni, mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, karani katika kituo cha kupozea maziwa karibu na Chaka. Kabla ya kupewa meza alikuwa ameosha mitungi ya maziwa pale pale kwa miaka mingi, na mikono yake ilikuwa bado na wekundu wa maji ya moto na sabuni kali. Wenzake kazini walimwita Mami, na darasani tukamwita hivyo hivyo.

"Mwalimu," alisema, "hii dora inashangaa nini?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka.

"Haishangai, Mami. Hapo ndipo mashine inapoweka malalamiko yake. Ikishindwa kufungua faili, inaandika hapo kwa nini imeshindwa."

"Basi si ungeandika hivyo? Kama inararamika, unaandika inararamika. Mimi nitajuaje ati mshangao ni kuraramika? Mimi nikishangaa siraramiki."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo. Alikuwa amesema kweli tupu. Hata waliounda lugha walishaiona kasoro hiyo, kwa maana wameweka orodha ya majina marefu ya Kiingereza kwa anayetaka kusoma maneno badala ya alama. Lakini jina moja katika orodha hiyo ni maneno matatu ya Kiingereza yaliyounganishwa kwa mistari, na karani wa Chaka hapati nafuu yoyote hapo. Kwa hiyo nilitengeneza faili dogo langu mwenyewe. Ndani yake `$_` ikawa `$hiki`. `$.` ikawa `$namba_ya_mstari`. Na `$!`, kwa heshima ya Mami, ikawa `$lalamiko`.

Sijui kama nitaweza kukueleza furaha ya Jumamosi iliyofuata. Watu waliokuwa wakinakili kutoka ubaoni kama wanaochora ramani walianza kusoma programu kwa sauti. "Chapa hiki. Chapa namba ya mstari." Fundi wa stima alisema, "Kumbe ilikuwa inaongea!" Nimefundisha miaka mingi na siku kama zile nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nilifanya jambo la pili, na hilo sikumwambia mtu. Katika lugha hii kuna mstari mfupi ambao mtu huuweka juu kabisa ya programu, na kazi yake ni kuifanya mashine iwe kali. Ukiuweka, mashine ikikutana na jina isilolijua inakataa kuendelea na inakuonyesha jina lenyewe. Usipouweka, mashine haiulizi. Inaunda chombo kipya papo hapo, kitupu, inakipa jina ulilolikosea, na inaendelea na kazi kama kawaida. Kila kitabu kinasema uuweke. Mimi niliutoa. Wiki ya kwanza ya darasa, mashine ilikuwa imewakatalia wanafunzi wangu kwa mistari kumi ya Kiingereza kwa sababu ya herufi moja moja, na wawili hawakurudi tena. Nilijiambia kwamba nitauweka baadaye, wakishazoea. Niliita jambo hilo huruma.

Mami aliandika programu yake kwa wiki sita. Katika kituo chake kuna tangi kubwa la chuma, na kipimo cha joto kilicho ndani hutuma namba kwa kompyuta kila nusu saa. Programu ilipokea namba hizo, ikaziandika katika faili moja aliyoiita daftari, na kila asubuhi ikachapa karatasi yenye joto la juu kabisa, la chini kabisa na saa zake. Dereva wa lori la kiwanda aliichukua karatasi pamoja na maziwa. Hapo awali kila kitu kiliandikwa kwa kalamu na hakuna aliyeamini. Kamati ya wakulima ilimthibitishia Mami meza yake kwa ajili ya karatasi hiyo, na aliniambia siku moja kwamba mumewe ameibandika ya kwanza ukutani sebuleni, kando ya kalenda.

Kisha, baada ya Jumapili, siku ambayo lori haliji wala karatasi haichapwi, ikaja Jumatatu ambayo karatasi haikutoka. Mami aliandika namba kwa mkono, dereva akanung'unika, akaondoka na maziwa. Jumanne haikutoka tena. Dereva alisimama mlangoni na kusema, "Mami, mimi sina neno na wewe. Lakini nimeambiwa ni karatasi ya mashine," akapanda lori lake tupu. Maziwa ya asubuhi nzima yalirudishwa kwa wenyewe. Mzee mmoja aliyeyaleta kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya kilima aliyafunga upya na kusukuma baiskeli kurudi kwake bila kusema lolote, na Mami aliniambia baadaye kwamba afadhali angemtukana.

Alinipigia simu nikiwa nasimamia mtihani.

"Mwalimu, mashine inasema haiwezi kufungua daftari."

"Inasema kwa nini?"

"Haisemi. Inasema 'siwezi kufungua daftari', inaweka nukta mbiri, inanyamaza."

"Baada ya nukta mbili hakuna kitu?"

"Hakuna. Ni kama mtu umemwita akaitika, harafu akaenda zake."

Niliahidi kufika Alhamisi. Jumatano kamati ilimpigia kusema kwamba Alhamisi hiyo hiyo kutakuwa na kikao, na fundi wa kampuni iliyouza tangi ameitwa kutoka Murang'a. Ikionekana kosa ni la programu ya Mami, meza itapewa mwingine, naye atarudi kwenye mitungi.

Kikao kilifanyika saa nne asubuhi katika chumba cha nyuma, chenye benchi mbili na harufu ya maziwa na sabuni ya mitungi. Wanakamati walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa mkulima mzee mwenye koti zito ambalo nadhani hulivua Februari tu. Fundi alikuwa kijana nadhifu. Alikuwa ameshaisoma programu ya Mami, na alikuwa ameiona kasoro kwa dakika kumi. Nasema haya kwa sababu sitaki uone kwamba alikuwa mjinga. Angekuwa mjinga nisingekasirika hivi.

"Wazee," alianza, "shida nimeipata. Haiko kwa tangi, haiko kwa kompyuta. Iko kwa ulimi."

Akawageuzia kompyuta yake.

"Hapa mwisho wa mstari, mashine inatakiwa iseme kwa nini imeshindwa. Mama ameandika nini? Raramiko. Ra-ra-mi-ko." Aliivuta kila silabi kama anayeimba. Mwanakamati mmoja alicheka puani. "Hakuna kitu kama hicho. Mashine imetafuta raramiko, imepata hewa, imechapa hewa."

Mwenyekiti aliinama kuangalia skrini.

"Kwani si ni raramiko?"

"Ni lalamiko, mzee. Kwa L."

"Ndiyo. Raramiko."

Sasa walicheka wote, na mwenyekiti mwenyewe akacheka kidogo bila kujua sana anacheka nini. Mami hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono imeshikana mapajani, akiangalia sakafu.

Kwa asiyetoka huku, niseme hivi. Gikuyu haina sauti ya L. Mtu aliyekulia katika lugha hiyo hasikii tofauti ya L na R kwa urahisi, kama ambavyo wengine hawasikii tofauti ambazo sisi tunazisikia. Mimi nimezaliwa huku huku, na L yangu sikuzaliwa nayo. Nilipokuwa darasa la tatu, katika shule moja karibu na Karatina, mwalimu wa Kiswahili alitupanga kando ya dirisha na kila mmoja akasema, "Leo lori limelala." Aliyesema *reo rori rimerara* alibaki amesimama. Mimi nilikaa siku ya pili. Wengine walisimama hadi mwisho wa muhula, na sisi tuliokaa tuliwacheka wakati wa mapumziko, tukiwafuata uwanjani tukiimba rori, rori. Baadhi yao waliacha kabisa kusema Kiswahili mbele ya watu. Mmoja alikuwa binamu yangu.

Nilipomsikia fundi akiimba ra-ra-mi-ko, nilisikia uwanja ule. Nilisikia na sauti yangu mwenyewe ikiwa mojawapo.

"Ndiyo maana sisi tunaotumia hizi vitu kwa kazi," fundi aliendelea, "tunaandika alama. Dola, mshangao. Kwisha. Alama haina R, haina L, haina kabila. Haya majina ya kusomeka ni ya kuchezea darasani." Akanitazama kwa adabu. "Si kwa ubaya, mwalimu."

Nilisimama, na hapo niliharibu. Nilikuwa na hoja nzuri. Alama ya mshangao iko juu ya kitufe kimoja na namba 1. Ukisahau kubonyeza kitufe cha kupandisha herufi, `$!` inakuwa `$1`, na `$1` nayo ni kigeu kingine cha lugha yenyewe, kwa hiyo mashine inanyamaza vilevile, na hata ule mstari wa ukali hauwezi kukuokoa, kwa sababu jina hilo inalijua. Jina lililokosewa, mtu anaweza kuliona kwa macho. Alama iliyokosewa hata fundi anaipita. Yote hayo ni kweli, na niliyasema, isipokuwa habari ya mstari wa ukali. Lakini niliyasema kwa kufoka, nikirukia mbele na kurudi nyuma, nikimwonyesha mwenyekiti kibodi aliyokuwa hajaiomba. Mimi ambaye hueleza kitu kimoja mara nne kwa sauti ile ile hadi kieleweke, siku hiyo sikueleweka na mtu. Nilipokaa, mwanakamati mmoja aliuliza kama chai imeshaiva.

Kisha Mami akasimama.

"Injinia," alisema, "mimi nimekosa. Nimeandika vibaya, na hiyo nimekubari mbere ya wazee. Lakini kitu moja hujasema."

"Gani, mama?"

"Ilikuwa inararamikia nini?"

Fundi aligeukia kompyuta yake.

"Umetuambia kwa nini tulikosa kuisikia," Mami alisema. "Hujatuambia ilikuwa inasema nini. Hata hiyo raramiko yangu ikiwa mbaya, daftari ilikataa kufunguka kwanza. Si mimi nimeikataza."

Mwenyekiti alijikuna shavu na kusema, "Hiyo ni maneno. Haya, mama, isikizwe."

Mami alikwenda kwenye kompyuta ya kituo. Alitafuta mstari, akafuta, akaandika upya akijitajia herufi kwa sauti, na alipofika kwenye zile mbili alisema, "ile ndefu", kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa anaitofautisha L, kwa umbo lake, si kwa sauti. "Ile ndefu, a. Ile ndefu, a." Akaiendesha programu. Safari hii baada ya nukta mbili kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza.

"Injinia, wewe ndiye uko na Kingereza. Tusomee."

Alisoma. Kisha kwa kuwa mwenyekiti alisubiri, akatafsiri. "Inasema hakuna ruhusa."

"Ya kufungua daftari yake mwenyewe?" Mami aliuliza. "Daftari nimeiandika mimi. Nani alininyima ruhusa?"

Hilo kompyuta hulijibu bila shida. Kila faili ina mwenyewe, na jina la mwenyewe limeandikwa kando yake pamoja na siku na saa ya mwisho kuguswa. Niliwaonyesha namna ya kuangalia, na safari hii nilieleza polepole. Daftari halikuwa tena la karani. Lilikuwa la mkuu wa mashine, yaani yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, ambaye nywila yake haikuwa kwa mtu mwingine pale ila fundi. Lilikuwa limeguswa Jumamosi, saa nane mchana.

"Jumamosi saa nane mimi niko darasani Nyeri," Mami alisema. "Muurize mwalimu."

Mwenyekiti aliita mtu wa kupokea maziwa, aliyekuwa mlangoni akijifanya anapanga mitungi. "Jumamosi nani alikuja hapa?"

"Si ni injinia? Alikuja kuangaria kompyuta. Alikunywa chai, akaenda."

Fundi hakukana. Alikuwa amekuja kufanya marekebisho ya kawaida, akafungua daftari kwa jina la mkuu wa mashine, akalihifadhi, na tangu hapo faili likawa la mkuu. Hutokea. Mimi mwenyewe limenitokea zaidi ya mara moja. "Lakini hata hivyo," alisema, "programu nzuri ingesema siku ile ile."

"Ingesema," mwenyekiti alikubali, "kama si raramiko." Alifikiri. "Basi makosa ni mawiri. Moja imefunga mlango, moja imeziba mdomo. Mama arudi kwa meza yake. Injinia arudishe daftari ya watu. Na hiyo chai iletwe."

Makosa mawili. Nilikaa pale nikijua kwamba ni matatu, na sikusema.

Fundi aliandika ripoti kwa kampuni yake na nakala ikaja kituoni. Ilisema kwamba hitilafu ilitokana na matamshi ya karani. Habari ya Jumamosi saa nane mchana haikuwemo. Matamshi! Hakutamka chochote. Aliandika. Alikaa mbele ya mashine, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyejifunza kazi hii Jumamosi kwa Jumamosi, akaandika programu iliyofanya kazi kila asubuhi hadi mwingine alipoifungia mlango, na karatasi rasmi inasema tatizo ni mdomo wake. Sijaisahau ripoti ile. Nikipita mbele ya kituo kwenda Nanyuki naikumbuka hadi leo na mikono inakaza usukani.

Lakini hasira hiyo ni rahisi. Iliyo ngumu ni ile ya baada ya kikao, kwenye bomba la nje, Mami akisuuza vikombe vya wageni. Nilimwendea nikamweleza kosa la tatu. Nilimwambia kuhusu ule mstari wa ukali. Kama ungekuwepo, ile siku ya kwanza kabisa alipoandika raramiko darasani mashine ingekataa pale pale, angesahihisha, na Jumatatu lalamiko lingesikika. Nilimwambia niliuondoa kwa makusudi.

"Kwa nini?"

"Niliona unawatisha watu."

"Watu gani?"

Nilichukua kikombe kimoja nikaanza kukipangusa.

Aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi nimeosha mitungi hapa nikiwa na mimba mara tatu. Nimetukanwa na dereva, nimetukanwa na wazee. Ulidhani nitaria kwa sababu mashine imeniambia hapana?"

"Nilitaka mzoee kwanza."

"Tuzoee nini? Kukosa?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Huyo kijana amenicheka mbere ya watu, sawa. Yeye hanijui. Wewe unanijua. Wewe umenisikia nikisema raramiko tangu siku ya kwanza, ukaandika ubaoni yako, ukaniangaria, ukanyamaza kama hiyo mashine."

Ni kweli. Nilimsikia. Nilikuwa nimechagua neno lenye L mbili kwa watu wasio na L, nikaliita jina la kusomeka kwa sababu mimi lilinisomekea. Kisha nikaondoa kitu pekee kilichoweza kuwaonya. Nilijaribu kurekebisha pale pale, kwa haraka, kama mtu anayefuta maji aliyoyamwaga. Nilimwambia nitabadilisha jina. Nitaliita `$shida`, halina L wala R. Au nitaweka yote mawili, lalamiko na raramiko, yaende mahali pamoja, aandike analotaka.

"Aca," alisema, yaani hapana, na alilisema kwa Gikuyu kama anayefunga mjadala. "Usinitafutie neno ya watoto. Na usiniongezee mlango wa nyuma. Weka ile mstari ya kukataa. Nikikosa, ikatae, nijue nimekosa wapi. Si ndiyo kazi ya mwalimu?"

Nilirudi Nyeri mchana ule nikiwa na hasira tatu juu ya watu wengine, na ya nne juu yangu mwenyewe. Nimezipanga mara nyingi tangu hapo. Ya fundi naijua, na ya kamati imeshapoa. Ya yule mwalimu wa dirishani, ambaye simjui alipo, nimeanza kuielewa, kwa sababu alichotufanyia yeye kwa kutusimamisha, mimi nilikifanya kwa kuwakalisha. Yeye alidhani hatuwezi bila aibu. Mimi nilidhani hawawezi bila kudanganywa.

Jumamosi iliyofuata niliandika mstari wa ukali ubaoni na kueleza kazi yake, na kueleza pia kwamba nilikuwa nimewaficha. Dada wa dawa za mifugo alinuna. Fundi wa stima alisema, "Mwalimu, hata stima huwa na fyuzi," na hilo likawa kama msamaha. Mami aliuandika mstari huo juu ya programu yake mwenyewe, kwa vidole viwili, akaiendesha.

Mashine ilikataa. Alitafuta, akarekebisha, akaendesha tena. Ikakataa. Nilihesabu mara nane, nikiwa nimesimama nyuma yake na mikono mfukoni ili isimsaidie. Katika programu ile iliyotoa karatasi kila asubuhi kulikuwa na majina manane ya hewa, na hakuna kati yetu aliyejua. Mara ya tisa ilimwonyesha `$namba_ya_mstali`, kwa sababu tangu kikao alikuwa akiogopa R hata pale inapostahili, akawa anaweka ile ndefu kila mahali. Aliisoma polepole, herufi kwa herufi, kidole juu ya skrini. Nilivuta pumzi ili niseme.

"Nyamaza, mwalimu," alisema bila kugeuka. "Imeshaniambia."